Mtani Hapigi Hodi

Msimu wa korosho ndio msimu wa wezi wa mbuzi. Huku kwetu Chilangala korosho zikianza kudondoka, kijiji kizima kinahamia chini ya mikorosho tangu asubuhi: wazee, wanawake, watoto waliofunga shule na hata walioitoroka. Nyumbani wanabaki kuku, mbuzi na wagonjwa. Wezi wanalijua hilo vizuri, na siku hizi hawana haya ya kusubiri giza. Wanakuja asubuhi jua likiwa limeshakaa sawa, na pikipiki yao.

Mwaka ule walituzidi akili. Walimchukua mbuzi jike wa mwenyekiti wa kijiji, wakamvika koti la mvua na helmeti, wakamkalisha katikati ya dereva na abiria, wakapita naye mbele ya ofisi ya kijiji. Mtendaji aliwapungia mkono. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni mama mgonjwa anakimbizwa hospitali Newala, na kwamba hata alimwombea dua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake wakaingia kwangu, wakaondoka na majike wangu wawili wenye mimba, na hapo kicheko kikaniisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na hasira zangu ziko karibu. Nilijiingiza kwenye kamati ya ulinzi, nikachaguliwa katibu kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika, na kwenye mkutano wa kijiji nikasimama na sheria ndogo niliyoitunga mwenyewe. Anayeingia boma la mtu bila kupiga hodi na kuitikiwa, awe ndugu au mgeni, ni mhalifu. Anayemwona apige yowe, mgambo wamkamate, akabidhiwe kwa polisi kata.

Mzee mmoja akauliza, "Na mtu akija kuomba moto?"

"Apige hodi, aombe moto."

"Na kuku wangu akiingia kwa jirani?"

"Naye apige hodi," akajibu mtu wa nyuma, na mkutano ukaharibika kwa muda. Lakini sheria ilipita. Na ilifanya kazi, nalisema hilo bila unyenyekevu wowote. Wezi walipigiwa yowe mara mbili tatu, wakaona bora waende vijiji vya mbele ambako watu bado wanapungia mkono.

Sasa, ng'ambo ya ua wetu wa minyaa anaishi bibi mmoja mjane. Wanawe wako Dar es Salaam na Mtwara, na mali yake kubwa wakati huo ilikuwa beberu mweupe mwenye sikio moja jeusi. Beberu yule alikuwa na kiburi cha kupita kiasi. Mitaa mizima tulimpelekea majike wetu, naye aliwapokea kama mtu anayetufanyia hisani. Bibi alimfuga kwa mkono wake, kila jioni anamchumia majani ya kunde, na akimkuna shingo, beberu anafumba macho.

Baba mkwe wangu alifariki msimu huohuo. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na kifo chake hakikutushtua sana. Siku ya arobaini tulialika watu wa pande zote, na watani wakaja bila kualikwa kama ilivyo ada. Mimi ni Mmakua wa Chidya, nimeolewa na Mmakonde, na Wamakua na Wamakonde ni watani. Mtu wa kusini hahitaji maelezo, ila kwa mgeni nitasema hivi: mtani akija kwenye shughuli yako anaweza kukaa juu ya chungu chako na kukataa kuondoka mpaka umpe kitu, anaweza kumsema marehemu kwa ubahili wake, na anaweza kuingia bandani mwako akatoka na kuku au mbuzi. Humkasirikii. Ukimkasirikia, watu watakuuliza umelelewa wapi.

Watani wetu walikuja kwa gari aina ya Noah iliyojaa mpaka mlangoni, wakiongozwa na mjomba wangu. Huyu ni kaka wa mama yangu, mzee wa kanisa la Anglikana kule Chidya, mwembamba, sauti nene, na ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Alishuka akiwa amefunga kanga ya mkewe kiunoni, akatangaza kwamba amekuja kuhakikisha Mmakonde yule kweli amekufa, maana Wamakonde ni wajanja. Shemeji zangu wakacheka na kumwagia maji. Shughuli ikaanza vizuri.

Kosa lilitokea hivi. Mjomba hakuwa amefika Chilangala tangu harusi yangu. Wakati ule banda la mbuzi la baba mkwe lilikuwa upande wa mashariki. Baadaye baba mkwe alimpa jirani yake kile kipande, ua ukasogezwa, na banda likawa la jirani, yaani mume wa bibi, ambaye naye sasa ni marehemu. Mjomba hayo hakuyajua. Alipoona watu wamekolea kwenye kisomo, akazunguka nyuma ya minyaa, akaenda palepale alipopakumbuka, akamkuta beberu mweupe peke yake amesimama kama mwenyekiti. Bibi alikuwa shambani anamalizia kuokota korosho zake. Mjomba akamfunga beberu kwa kanga ya mkewe, akaja naye akicheza ngoma ya mguu mmoja, akamkabidhi mchinjaji. Mchinjaji wa siku ya arobaini haulizi mbuzi katoka wapi. Akaelekeza kichwa kibla, akataja jina la Mungu, akafanya kazi yake.

Wifi yangu ndiye aliyeiona ngozi. Alikuja jikoni ameshika mdomo, akaniambia, "Mama mwalimu, njoo uone sikio."

Nilipoliona lile sikio jeusi nilijua ni la nani. Kabla sijajua la kufanya, bibi alikuwa amesharudi, amekuta banda wazi na kamba inaning'inia, akapiga yowe. Alilipiga sawasawa na tulivyofundishana mkutanini. Mgambo wawili waliokuwa wamekaa mkekani wanasubiri wali wakainuka mikono ikiwa bado mikavu, wakafuata nyayo za kwato mpaka kwa mchinjaji, na kutoka kwa mchinjaji mpaka kwa mjomba. Walikuwa vijana wenye adabu. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, ndipo wakamfunga mikono.

Sheria ni msumeno, huo ndio msemo, na mimi nimeufundisha darasani mara nyingi. Siku ile niliuona ukirudi nyuma kuja kukata nyumba yangu.

Asubuhi yake tulikutana ofisi ya kijiji. Mjomba alikuwa amelala chumba cha mtendaji, amepelekewa wali na nyama ya beberu yuleyule, na alikula vizuri kuliko sote. Polisi kata alikuja. Alikuwa kijana kutoka Tabora, mtaratibu, amepiga pasi mpaka soksi. Akatueleza kwamba mbali na sheria yetu ndogo, ipo sheria ya nchi. Kuingia kwa jinai, akasema, ni kuingia kwenye eneo la mtu kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye eneo.

"Rudia hapo mwisho, afande," mjomba akaomba.

"Kumtukana au kumuudhi."

"Basi usisumbuke. Mimi nimesafiri toka Chidya kwa hayo mawili tu."

Watu walicheka mpaka benchi la akina mama likainuka upande mmoja. Afande naye alificha mdomo kwa kofia. Alipoishusha, hakuwa akicheka. Alisema kosa la kuingia linaweza kuzungumzwa, lakini wizi wa mifugo ni kitu kingine, mahakama haina mchezo nao, na gari la kutoka Newala litafika mchana. Kwa jinsi anavyoona, mzee aliingia boma lile kwa kupotea, akidhani ni la wafiwa. Kama mlalamikaji naye anaona hivyo na akasema yamekwisha, basi ni kutoelewana kwa majirani, na yeye atakwenda kunywa chai. Akisema hayajaisha, mzee atapanda gari.

Mume wangu akasimama haraka. Akasema atampa bibi mbuzi wawili kwa yule mmoja, achague mwenyewe. Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Wewe hukuniibia."

Mwenyekiti akamgeukia mjomba: basi yeye alipe. Mjomba akatikisa kichwa. "Mtani halipi. Nikilipa leo, wajukuu zangu wakija msiba hapa kesho watakuja kama wageni. Watakaa kimya kwenye mkeka wanasubiri wali. Heri Newala."

"Mjomba," nikamwambia, na machozi ya hasira yalikuwa karibu, "umri huo, uende kuvaa nguo za magereza?"

"Zina mikono mirefu? Maana Newala kuna baridi."

Nilitamani nimpige. Nilitamani pia nipige magoti mbele ya bibi, na kwa kuwa la kwanza halikuwezekana, nikaenda kufanya la pili. Bibi alikuwa ameondoka katikati ya kikao, akasema sufuria yake iko motoni. Nikamfuata nyumbani kwake, nikasimama nje ya ua, nikapiga hodi mpaka akaniitikia.

Alikuwa anachemsha ming'oko, vile viazi vya porini. Akanipa kigoda na mng'oko mmoja wa moto, nikaurusharusha mkononi bila kuula.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuniomba."

"Nimekuja kukuomba. Yule ndiye baba niliyebaki naye. Hakukusudia. Alikosea boma, alidhani anaingia kwetu."

Akakoroga sufuria yake pole pole. "Hilo ndilo mnalolisema wote," akasema. "Tangu jana. Wifi yako kalisema, mumeo kalisema, yule mtoto wa Tabora kalisema. Alikosea. Hakuwa anakuja kwako, bibi. Usijali, bibi, kwako hakuna aliyekuwa anakuja."

Akafunika sufuria, akanigeukia.

"Mjomba wako ni mtani wa nani?"

"Wa Wamakonde."

"Na mimi ni nani?"

"Mmakonde," nikajibu. Akapuliza moto, akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua. "Mume wangu alipokuwa hai, Wamakua walikuwa hawaachi kitu hapa. Waliwahi kuchukua mpaka mlango. Tulilala na mkeka umening'inizwa. Alipokufa wakaacha. Hawaji kwa mjane, wanaona huruma. Jana nimerudi nikakuta banda wazi, nikapiga yowe kwa sababu nilidhani ni wa pikipiki. Nilipoambiwa ni watani, moyo wangu ulicheka, mwalimu. Beberu wangu nilimpenda, lakini moyo ulicheka. Ndipo mkaja mmoja mmoja kuniomba radhi kwamba mtani kapotea njia. Na mumeo ananipa mbuzi wawili. Mbuzi wa kuletewa ni sadaka. Mimi sijafika huko."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku zote nilimhesabu yule mama kuwa jirani mwema tunayemtunza vizuri. Sikuwahi kujiuliza kama anataka kutunzwa.

"Sasa tufanye nini?" nikauliza.

"Mimi nitamuuliza swali moja mbele ya watu. Atakavyojibu ndivyo nitakavyosema."

Sikupata nafasi ya kumwambia mjomba chochote. Tuliporudi ofisini, gari la Newala lilikuwa limefika, lina vumbi, dereva anakula bibo huku amening'iniza mguu nje. Bibi akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mjomba.

"Mmakua," akamwita. "Jana uliingia kwangu kwa kupotea, au ulikusudia?"

Kila mtu pale alijua jibu la kumtoa mjomba. Afande alikuwa amempa tangu asubuhi, kamwekea mdomoni kabisa. Aseme alipotea, arudi nyumbani. Akisema alikusudia, amekiri wizi wa mifugo mbele ya polisi, mwenyekiti na kijiji kizima. Nilimkazia macho nikitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni.

Mjomba alimtazama bibi. Sijui aliona nini usoni mwake. Ninajua tu kwamba aliacha kutabasamu, akakaa vizuri kwenye benchi.

"Nilikusudia," akasema. "Nilipita boma la marehemu nikaona mbuzi wake wamekonda kama wenyewe. Nikasema Mmakonde mwenye mali hapa ni yule mama wa ng'ambo. Nikaenda kwake. Na nikirudi tena nitaenda kwake."

"Mzee," afande akasema kwa huzuni, "unajua ulichosema?"

"Namjua niliyemwambia."

Bibi akacheka. Nilikuwa nimeishi naye jirani miaka yote ile, na sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, hakilingani na mwili wake. Akamgeukia afande. "Mwanangu, mimi sina malalamiko. Hapa yamekwisha. Yaliyobaki yako Chidya."

"Yapi yaliyobaki?"

"Usiniulize. Itakubidi unikamate."

Afande alivaa kofia yake, akasema hajasikia neno, akaenda kunywa chai. Dereva wa gari la Newala alilalamika kwamba ameletwa bure, tukampakulia bakuli la nyama ya beberu, akatulia. Kwenye mkutano uliofuata nilipeleka nyongeza ya sheria yetu: siku ya shughuli, mtani hapigi hodi. Ilipita kwa shangwe, na mzee wa moto akauliza kama mtani anaruhusiwa pikipiki. Tukakubaliana kwamba haruhusiwi.

Bibi hakuniambia siku. Korosho zilipouzwa na mvua za kwanza zikapita, alikuja asubuhi moja siku ya mapumziko amefunga kanga mbili na kushika kamba mpya, akasema, "Twende tukawasalimie wakwe." Tukateremka kutoka Newala hadi Masasi, na kutoka Masasi tukachukua gari la Chidya. Njia nzima alikuwa akitazama nje kama msichana anayepelekwa sikukuu.

Tulifika mchana. Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia mihogo, na mkewe, alipotuona tunakuja na kamba, alielewa upesi, akaingia ndani akajifungia mlango asije kuulizwa. Bibi akasukuma wigo wa miiba kwa mguu. Hakupiga hodi. Mimi, katibu wa kamati ya ulinzi, nikamshikia mlango wa banda. Akawapitia mbuzi mmoja mmoja, akawashika mgongo, akawafunua meno, akawakataa madume wote. Mwisho akamfunga kamba jike mwekundu mwenye mimba, mnene kuliko wote, na tukatoka.

Mjomba alituona tulipofika njiani. Alitupa jembe, akaokota fimbo, akaja mbio anapiga kelele kwamba Wamakonde wameingia, watu wafiche watoto. Majirani wakatoka. Tukakimbia. Sikujua kama bibi anaweza kukimbia. Alikimbia na kanga imepanda magotini, mbuzi anamvuta, anacheka na kurudisha matusi nyuma bila kugeuka, na mjomba alitufukuza hadi barabara kubwa akitaja ukoo wa bibi tangu juu hadi chini. Pale akasimama ameshika kiuno, hana pumzi, akatutishia fimbo mara ya mwisho, akarudi zake.

Tukakaa kando ya barabara kusubiri gari, mbuzi katikati yetu. Bibi alikuwa anahema, jasho linamtiririka, kanga moja imeanguka huko nyuma na hakutaka tuirudie. Nikanyoosha mkono nimshikie kamba apumzike. Akausukuma mkono wangu.

"Umesikia alivyomtukana mama yangu?" akaniuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye anacheka. "Tangu mume wangu afariki watu wote wananishika kama yai. Leo nimefukuzwa, mwalimu. Nimefukuzwa mpaka barabarani."